Jiwe la Kuchora, Jiwe la Kusugulia

Mwaka 1857 John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyesikilizwa kuliko wote Uingereza wakati ule, alitoa kitabu cha barua tatu kwa watu waliotaka kujifunza kuchora bila mwalimu. Katika barua ya kwanza anamtoa mwanafunzi nje ya nyumba. Nenda bustanini au barabarani, anamwagiza, ukaokote jiwe la kwanza la mviringo utakalolikuta, lisiwe jeupe sana wala jeusi sana, uliweke mezani karibu na dirisha, uketi ulichore. Ahadi yake ni kubwa: atakayelichora jiwe hilo vilivyo, hakuna kinachochorika kitakachomshinda.

Hapa kwetu Katumba Songwe, zoezi hili linakwama kwenye kuokota. Huku magharibi mwa Kyela ardhi yenyewe imeletwa na maji. Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, ukifurika wakati wa masika unatandaza tope jipya mashambani, na mara nyingine unahama njia yake. Ukipungua unaacha udongo ambao jembe linazama ndani yake bila kugonga kitu. Mpunga unaupenda udongo huo, na kakao na migomba pia. Jiwe ndilo adimu. Wengi hupikia juu ya matofali ya kuchoma, maana mafiga ya mawe lazima yaletwe kutoka mbali.

Nilichokuwa nacho mezani ni chungu cha Wakisi, kilichotoka Ikombe, upande wa pili kabisa wa tambarare hii. Nikakiweka karibu na dirisha mahali pa jiwe. Na kwa kweli jiwe lilikuwapo: lilikwisha kupita juu ya kila sehemu ya chungu kile, likiwa kwenye kiganja cha mwanamke.

Ruskin alizaliwa London mwaka 1819, mtoto pekee wa mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa na fedha za kumnunulia mwanawe picha za Turner na nafasi ya kuzitazama kutwa. Akiwa na miaka 24 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu cha kumtetea mchoraji huyo, na jina lake halikupoa tena. Wanaomsoma wengi wanaanzia kwenye vitabu vyake vikubwa, ambamo sentensi moja inaweza kutembea ukurasa mzima kabla ya kupata mahali pa kukaa. Mimi namwona vizuri zaidi katika barua. Maandishi yake yalipokusanywa kati ya 1903 na 1912 yalijaza juzuu 39, na mbili kati ya hizo ni barua tupu, zilizochaguliwa tu. Nyingine nyingi zimeendelea kuchapishwa tangu hapo. Katika barua hana muda wa kuhubiri sana. Mtu amemtumia mchoro, anataka kuambiwa wapi pamekosewa, naye anamwambia.

Zipo zile alizomwandikia baba yake kutoka Venice, majira ya baridi ya 1851 na 1852, karibu kila siku. Alikuwa akikusanya habari za kitabu chake juu ya majengo ya mji ule, na baba alipokea taarifa za kazi kama msimamizi: nini kimepimwa, nini kimechorwa, wapi mvua imezuia. Mkewe, Effie, naye aliandika kwao katika safari yao ya awali Venice, ya 1849 na 1850, na barua zake zinatuonyesha kile ambacho mume hakukiona cha ajabu. Anasema watu wa Venice hawakujua kama yule bwana ni mwenye hekima au mwenye kichaa. Uwanja ujae watu au uwe mtupu, yeye yuko pale pale, kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, au kapanda juu ya nguzo, akishuka amejaa vumbi na utando wa buibui. Hakuna kilichoweza kumkatiza. Nadhani Effie alikusudia kulalamika kidogo, na ndoa ile haikudumu. Lakini ametuachia maelezo mazuri ya mtu aliye kazini.

Katika kile kitabu cha kuchora, kabla ya jiwe, Ruskin anaanza na kitu kinachochosha zaidi. Chora mraba mdogo kwa wino. Ujaze kwa mistari myembamba, iliyokaribiana; ikikauka, ipitishie mistari mingine kwa upande tofauti, kisha mingine, mpaka mraba wote uwe na kivuli kimoja kilicho sawa. Palipozidi weusi, paa kidogo kwa ncha ya kisu. Palipobaki weupe, tia nukta. Hakuna picha hapo, hakuna hata kitu cha kumwonyesha mgeni. Ni weusi ulio sawasawa tu. Naye anajua utachoka, na hakufichi. Ukichoka, anasema, fanya zoezi linalofuata kidogo, kisha urudi. Hesabu yake ya jumla ni ya mtu anayejua watu wana kazi nyingine: saa moja kwa siku kwa miezi sita, au saa moja siku baada ya siku kwa mwaka mzima, kiasi cha saa 150 kwa jumla, na mtu wa akili ya kawaida atakuwa anachora vya kutosha kwa mahitaji yake.

Hizi saa 150 ndizo zilizonifanya nimwamini. Mtu anayeuza kipaji hatoi idadi ya saa. Anayetoa idadi ya saa anazungumza juu ya mazoea, na mazoea ndiyo niliyotaka kuyaelewa, kwa sababu ya kile chungu.

Ikombe iko kwenye rasi karibu na Matema, pale Milima ya Livingstone inaposhuka na kuingia katika Ziwa Nyasa karibu bila kuacha ufukwe. Mahali pa kulima ni padogo. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga, na hivyo vyakula vingine vimekuwa vikipatikana kwa kubadilishana. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kati ya Wanyakyusa, wenyeji wa tambarare hii, katika miaka ya 1930, aliukuta mpango huo ukiendelea: vyungu vya Wakisi vinakwenda tambarare, chakula cha tambarare kinakwenda kwa Wakisi. Mwaka 1977 S. A. C. Waane alichapisha utafiti juu ya ufinyanzi huo wa Ikombe, na msomaji anayependa hatua zote za kazi atazikuta humo.

Vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi na kuletwa Lyulilo, pembeni mwa Matema, ambako soko huwa Jumamosi. Hapo wachuuzi wanavichukua. Vingine hupanda mpaka Mbeya na Iringa, vingine huingia Malawi, na vingine huja huku kwetu, vikivuka Lufilyo, Mbaka na Kiwira, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba juu ya magari, bajaji na baiskeli. Mchuuzi anayefika Katumba Songwe na vyungu vyake vyote vizima ana haki ya kujisifu kidogo.

Ukinunua, usikitazame tu. Kiinue kwa mkono mmoja, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, kinajibu kwa sauti ya kukwama. Mama mmoja muuzaji aliniona nikitazama rangi kwanza, akacheka: "Mwanangu, macho yatakudanganya. Kigonge." Nikakigonga, kikalia, nikalipa.

Sasa kazi yenyewe. Udongo huchimbwa, husafishwa mizizi na changarawe, hutiwa maji na kukandwa mpaka hakuna bonge gumu wala hewa iliyojificha. Hatua hii haina uzuri wowote wa kutazamwa, na ndiyo inayoamua mengine yote. Maji au hewa ikibaki imefungwa ndani ya ukuta, siku ya moto mvuke utatafuta njia, na njia yake ni kupasua. Kosa la mwanzo wa wiki linasikika mwisho wa wiki, kwa kishindo.

Gurudumu la mfinyanzi halipo. Tonge la udongo huketishwa juu ya kigae au sahani ya udongo iliyo pana, na mfinyanzi anaizungusha sahani kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukitoboa tonge katikati, ukilipanua na kuuinua ukuta. Sahani haizunguki kwa kasi kama gurudumu. Inasogea, inasimama, inasogea tena. Mviringo wa chungu basi hautokani na mashine. Unatoka kwenye mkono unaokumbuka umbali wa vidole kutoka katikati, na jicho linalosahihisha kila sahani inaposogea. Mdomo hutangulia kukamilishwa. Chungu huachwa kikazike kidogo, ndipo tumbo na kitako vinakwanguliwa na kupunguzwa unene mpaka viwe duara kamili. Chungu hakina pembe popote. Hili ni la kupendeza macho, lakini sababu yake ni ya jikoni: pembe ndipo udongo unapopata moto usio sawa na kupasuka, na kitako cha mviringo hukaa vizuri juu ya mafiga matatu na kuzungukwa na ndimi za moto pande zote.

Kisha linakuja jiwe. Ni kokoto ya ziwani, iliyolainishwa na maji ya Nyasa kwa muda ambao hakuna anayeujua, nayo sasa inalainisha udongo. Chungu kikiwa kimekauka nusu, mwanamke analipitisha jiwe juu ya ngozi yake, mpigo baada ya mpigo. Kinachotokea hapo ni kwamba chembe za udongo, ambazo ni bapa, zinalazwa kifudifudi zikikaribiana; vitundu vya juu vinapungua, na mwanga unaoangukia pale unarudi badala ya kumezwa. Ndiyo maana chungu kinang'aa ingawa hakikupakwa kitu chochote cha kioo. Lakini saa yake ni fupi. Udongo ukiwa mbichi, jiwe linanata na kuburuta. Ukikauka mno, jiwe linaacha mikwaruzo myeupe isiyofutika. Mfinyanzi anaijua saa hiyo kwa kugusa, na akiwa na vyungu vingi vimekaa kivulini, kila kimoja kina saa yake kulingana na unene na upepo. Hivyo anazunguka kati yavyo siku nzima, akigusa hiki na kukiacha, akigusa kile na kukichukua. Ratiba yake inaandikwa na udongo.

Udongo mwekundu hupakwa mdomoni na mabegani, mara nyingine na mweupe pamoja nao, katika mikanda na michoro inayozunguka shingo. Kuchoma hufanywa mahali pa wazi, kwa kuni na majani makavu. Hakuna tanuri. Moto wa namna hii unapanda haraka na kushuka haraka, na mahali pote pale si sawa: chuma kilichomo kwenye udongo kikipata hewa kinabaki chekundu, kikizibwa na kuni au majivu kinatoka na doa jeusi. Joto la moto wa wazi ni dogo ukilinganisha na la tanuri, na kwa sababu hiyo ukuta unabaki na vitundu vidogo vidogo. Mtu wa viwandani ataviita udhaifu. Kumbe ndivyo vinavyouwezesha mtungi kupoza maji, kwa kuyaacha yavuje kidogo na kukauka juu ya ngozi yake, na ndivyo vinavyokiruhusu chungu kitanuke juu ya moto bila kupasuka.

Hayo yote niliyajua, zaidi au kidogo, kabla ya kuchukua kalamu. Nilifuata barua ya Ruskin kwa utiifu. Mraba kwanza, kwa Bic, kwenye daftari la shule. Halafu chungu.

La kwanza lililonishangaza ni kwamba chungu hakina mstari. Kuna mahali rangi yake inaishia na ukuta ulio nyuma yake unaanzia, basi. Ruskin anarudia jambo hili mpaka linakera: vitu tunavyoviona ni mabaka ya rangi yaliyopakana, na mstari ni kitu tunachokiongeza kwa uvivu. La pili, mahali peusi kuliko pote si pembeni. Mtu anayechora kwa mazoea ya kichwani huweka mwanga katikati na giza ukingoni. Lakini upande wa kivuli, karibu kabisa na ukingo, meza inarudisha mwanga kidogo na kulipaka tumbo la chungu rangi ya shaba. Usipokiweka chungu mbele yako na kubishana nacho, hutaliona hilo.

La tatu ndilo lililonikalisha. Ule mng'ao, ambao kwa mbali ni mmoja, kwa karibu ni michirizi. Kila mchirizi una upana wa ncha ya kidole, na kila mmoja ni mpigo mmoja wa jiwe. Shingoni imesimama wima. Ikifika begani inalala, inazunguka tumbo, na kuelekea kitakoni inasimama tena kwa kukaza. Nilipokuwa nikiivika kivuli mmoja baada ya mwingine nilianza kumwona mtu. Hapa sahani imesogezwa, kwa sababu michirizi ya upande huu inapanda kidogo juu ya ile ya upande ule. Hapa jiwe limegeuzwa kwenye kiganja, mpigo umekuwa mwembamba. Hapa chini ya bega kuna mpigo mmoja unaokwenda kinyume na wenzake. Labda aliitwa, labda alipisha mtoto, kisha akarudi. Mkanda mwekundu wa shingoni, ambao ningeapa ni duara lisilo na mwanzo, una mwanzo: mahali fulani brashi au kidole kimetua kikiwa na rangi nyingi, na baada ya mzunguko mzima kikafika pale pale karibu kikavu.

Nimewahi kusikia watu wakisema kazi ya mikono ina roho. Sijui maana yake. Ninachojua ni kwamba chungu hiki kina kumbukumbu ya miendo, imeandikwa juu ya ngozi yake kwa utaratibu, na kuchora kulinilazimisha niisome kwa kasi ileile iliyoandikiwa. Au kwa polepole zaidi, maana yeye alikwenda haraka. Michirizi yake imenyooka kama kitu kisichosita. Ruskin aliwahi kuandika kwamba mkono wa bingwa, hata uende upesi vipi, unaweza kusimamishwa pale utakapo, upana wa unywele tu kutoka ulipokusudia. Ukitaka ushahidi, tazama jinsi michirizi ya shingoni inavyokoma pale mkanda mwekundu unapoanzia, yote, bila mmoja kuvuka.

Hapa sina budi kugombana naye kidogo. Mwaka 1853, katika sura mashuhuri ya kitabu chake cha Venice, Ruskin alishikilia kwamba kumdai mfanyakazi ukamilifu ni kumfanya chombo. Kazi ya mtu huru, alisema, itakuwa na kasoro, na kasoro hizo zipendwe. Mfano wake mmoja ni ushanga. Anaeleza jinsi vijiti vya kioo vinavyokatwakatwa na watu wanaokaa kazini kutwa, mikono yao ikitetemeka bila kukoma, na anamshtaki anayenunua ushanga kwamba anashiriki biashara ya utumwa, tena ya kikatili. Ushanga wa Venice ulikuwa miongoni mwa bidhaa kuu zilizobebwa na misafara kutoka Pwani kuja bara katika karne hiyohiyo, na misafara hiyo ilifika mpaka kwenye ziwa hili, ikirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Sidhani alijua jinsi shtaka lake lilivyokuwa karibu na ukweli.

Kuhusu ushanga, basi, nakubaliana naye. Kuhusu kasoro, hapana. Mfinyanzi wa Ikombe hatafuti kasoro, na akiiona hajivuni nayo. Anataka mviringo. Anausogelea kadiri mkono unavyoweza, na mkono wake unaweza sana. Hakuna bwana anayesimama nyuma yake na kipimo. Kipimo ni chake mwenyewe, na cha mama yake, na cha mnunuzi atakayekigonga kwa kifundo cha kidole. Ruskin aliutazama ukamilifu wa kiwandani akauchukia kwa haki, kisha akautilia shaka ukamilifu wowote. Angekaa nusu siku Ikombe angepata shida ya kueleza. Na pia angeona mahali ukamilifu unapoachwa kwa makusudi: kitako hakina mkanda wala mchoro. Nilimuuliza yule mama muuzaji kwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini nyayo hazipakwi hina ya maua. "Huko ni kwa masizi," akasema.

Jambo jingine ni bei. Mwaka 1877 Ruskin alimshambulia mchoraji James Whistler kwa kuthubutu kutaka gini 200 kwa picha ambayo, kwa macho yake, ilikuwa rangi iliyomwagwa tu. Whistler akamshtaki. Kesi ilisikilizwa Novemba 1878, na wakili wa Ruskin akamuuliza mchoraji kama kweli anadai fedha zote hizo kwa kazi ya siku mbili. Whistler akajibu kwamba anadai kwa ajili ya ujuzi alioupata katika maisha yake yote. Alishinda, akapewa fidia ya robo ya peni moja, na mwaka uliofuata akafilisika. Ruskin akajiuzulu uprofesa wake wa Oxford.

Inashangaza kwamba yule aliyefundisha saa 150 za mraba na jiwe hakuusikia ukweli wa jibu lile. Sokoni kwetu swali la wakili huyo huulizwa kila wiki, kwa maneno machache: "Si udongo tu huo?" Na jibu nalo lina makali yake. "Basi kafinyange wewe."

Nisimwonee mzee. Katika barua zake alikuwa mwalimu kuliko alivyokuwa mahakamani. Kate Greenaway, aliyekuwa akichora watoto wenye kofia na magauni ya zamani na kupendwa Uingereza nzima, alipokea barua zake kwa miaka mingi. Ruskin alimsifu hadharani mwaka 1883 katika mihadhara yake Oxford. Faraghani hakumwacha apumue: chora miguu halisi ndani ya viatu vile, chora jani, chora pande la majani na udongo wake kama lilivyo. Alitaka mwanamke yule, aliyekwisha kuwa maarufu, arudi kwenye kitu kidogo na kukitazama upya. Angekuwa mwalimu wa kuchosha. Lakini huwezi kusema alimdharau.

Na kuanzia 1854 alifundisha kuchora usiku katika Chuo cha Wafanyakazi, London, bila malipo, akiwa na maseremala na makarani waliotoka kazini. Miongoni mwa vitu alivyowawekea ni mpira mweupe wa ngozi, ukining'inia kwa uzi. Ni duara tena! Alipoulizwa na tume ya serikali anataka kufika wapi na watu wale, alijibu kwamba hakusudii kumgeuza seremala kuwa mchoraji. Anataka awe seremala mwenye furaha zaidi. Kati ya yote aliyoyasema juu ya kazi, hili ndilo ningelipeleka Ikombe bila kuona haya.

Safari ya upande mwingine, kutoka kwenye udongo kwenda kwenye majumba ya sanaa, imefanywa na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alisomea Uingereza, na katikati ya masomo akaenda Abuja, Nigeria, akakaa na wafinyanzi wanawake, Ladi Kwali akiwa mmoja wao. Vyungu vyake havipikiwi. Vinakaa kwenye makumbusho ya dunia, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa hadhi ya Dame. Lakini kazi ni ileile: hatumii gurudumu, anainua ukuta kwa mkono, anakwangua, anapaka udongo laini, anasugua kwa mawe mpaka ung'ae, anachoma. Akitaka wekundu anaacha hewa iingie. Akitaka weusi anaizuia. Nikitazama picha za vyungu vyake natafuta michirizi, na mara nyingi siioni. Ameisugua mpaka imezama. Nakiri napenda zaidi ile ya Ikombe inayoonekana, pengine kwa sababu nilitumia muda kuichora na sasa naona kama tunafahamiana.

Chungu changu sasa kinapikia. Kwanza nilikichemshia uji mwepesi na kuuacha ulale humo, wanga uingie kwenye vitundu na kuviziba, kama tulivyoelekezwa na mama zetu. Kisha samaki, mbasa, kwa nyanya na mawese, moto mdogo. Masizi yamepanda mpaka karibu na bega, na michirizi ya chini haionekani tena.

Mbele ya vyungu vikubwa, pale sokoni, yule mama hupanga pia vidogo, vya kiasi cha ngumi. Vingine vimekaa upande, na mkanda mwekundu wa kimoja ulishuka ukakutana na mwanzo wake kwa tofauti ya kidole kizima. Vya wasichana wanaojifunza, alisema. Huchomwa moto mmoja na vya mama zao. Nilishika kile cha mkanda ulioshuka, nikauliza kama bei yake inapungua. Hakupunguza. Akanionyesha na kingine kando yake, ambacho mkanda wake ulikuwa umekaribia kukutana.